Taarifa za Dawa Zinavuka Mto, Ulinzi Wake Unabaki Ng'ambo

Kati ya Louisville, Kentucky, na Jeffersonville, Indiana, upo mto Ohio, na juu yake madaraja ambayo mtu huyavuka kwa dakika chache. Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamefanya makao Louisville, na si ajabu kumkuta mama anayelala upande huu na kufanya kazi ghalani upande ule. Tuseme mama huyo ameumia mgongo akiinua maboksi. Daktari wa Indiana anamwandikia vidonge vya haidrokodoni, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, naye anavichukua kwenye duka la dawa la hukohuko. Wiki moja baadaye maumivu yanamnyima usingizi, anakimbilia kitengo cha dharura Louisville. Kabla ya kuandika chochote, daktari wa zamu anahitaji kujua jambo moja: mama huyu ameshameza nini?

Jibu limegawanyika katika madaftari mawili ya kielektroniki, ambamo kila jimbo huweka taarifa za dawa zinazodhibitiwa. Kentucky ina lake, KASPER, lililoanza 1999. Indiana ina INSPECT. Mfamasia akitoa dawa inayodhibitiwa, yaani ile inayobanwa na sheria kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya, iwe dawa za maumivu kama oksikodoni na mofini, dawa za kutuliza wasiwasi za jamii ya benzodiazepini au hata testosteroni, analazimika kupeleka huko jina la mgonjwa, dawa, kipimo, idadi ya vidonge, daktari aliyeandika na tarehe. California ilianza kufuatilia dawa za aina hii 1939, enzi za karatasi. Missouri ilikuwa ya mwisho: gavana wake alitia saini sheria ya kuanzisha daftari 2021, baada ya miaka ya ubishi bungeni kuhusu faragha. Kwa hiyo kuwapo kwa madaftari si mjadala tena. Kinachobishaniwa ni kama yasomane kati ya jimbo na jimbo, na kama yafunguke moja kwa moja ndani ya mfumo ambao hospitali hutumia kuweka kumbukumbu za mgonjwa.

Wanaotaka yasomane wana hoja nzito, na hoja hiyo ilipatikana kwa maiti. Hadi 2011 Florida haikuwa na daftari linalofanya kazi. Kaunti ya Broward ilijaa kliniki zilizojiita za maumivu, zikipokea fedha taslimu na kutoa oksikodoni palepale. Magari yenye namba za Kentucky, Ohio na West Virginia yalisafiri usiku kucha kuzifuata, yakarudi na vidonge vya kuuzwa vijijini kwenye milima ya Appalachia. Miaka yote hiyo KASPER ilikuwa hai. Iliona kila kidonge cha haidrokodoni kilichotolewa na mfamasia wa Kentucky, na haikuona hata kimoja kilichotoka Florida. Daktari mwangalifu wa Kentucky aliyefungua daftari angekuta ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe ungemwambia kwamba mgonjwa aliye mbele yake hana dawa nyingine. Kwa maoni yangu daftari la namna hiyo ni hatari kuliko kukosa daftari, kwa sababu linampa daktari uhakika wa uongo.

Dawa ya tatizo hilo ilianza kutolewa 2011, Chama cha Kitaifa cha Bodi za Famasia kilipoanzisha mtandao uitwao PMP InterConnect. Swali la daktari wa jimbo moja hupitia humo, likagonga madaftari ya majimbo mengine na kurudi na jibu. Upo mtandao wa pili, RxCheck, unaoungwa mkono na Wizara ya Sheria. Serikali kuu haimiliki daftari lolote kati ya hayo. Kila jimbo huamua lishirikiane na nani, kwa njia ipi, na nani aruhusiwe kuuliza. Washington hushawishi kwa fedha. Sheria ya SUPPORT ya 2018 iliwataka wanaowatibu wagonjwa wa Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo, wakague daftari kabla ya kuandika dawa nyingi zinazodhibitiwa, kuanzia Oktoba 2021.

Kulazimisha ni rahisi kuliko kuwezesha. Ili kukagua, daktari alilazimika kutoka kwenye kumbukumbu za mgonjwa, afungue tovuti nyingine, aingize nywila, aandike jina na tarehe ya kuzaliwa, asubiri, asome, arudi alikotoka. Katika kitengo cha dharura chenye watu wamelala kwenye korido, kazi ya namna hiyo huachwa kwanza. Ndiyo maana wahudumu wengi hupenda muunganiko: unafungua kumbukumbu za mgonjwa, na historia ya dawa zake iko hapohapo. Nebraska ilikwenda mbali zaidi. Tangu Januari 2018 wafamasia wake huripoti dawa zote za kuandikiwa na daktari, zile za presha na sukari zikiwamo, ili daftari limsaidie daktari kuona dawa zinazogombana.

Je, haya yote yamepunguza vifo? Hapa ni lazima tuwe wakweli. Mwaka 2012, kilele cha uandikaji, madaktari wa Marekani waliandika vyeti vya dawa za maumivu za jamii ya afyuni zaidi ya milioni 255, sawa na 81 kwa kila watu 100. Kufikia 2020 vilikuwa milioni 142. Madaftari yana sehemu yao katika kushuka huko, hasa katika majimbo yaliyofanya ukaguzi kuwa wa lazima. Lakini vifo vya kuzidisha dozi havikufuata njia hiyo. Mwaka 2021 vilipita 100,000, vingi vikitokana na fentanili ya magendo, dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu kubwa mno, ambayo haijawahi kupita mikononi mwa mfamasia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2018 katika jarida la Annals of Internal Medicine yaliona ushahidi kwamba madaftari hupunguza vifo ni dhaifu, na baadhi ya tafiti zilizopitiwa ziliona vifo vya heroini vikiongezeka baada ya madaftari kuanza.

Matokeo hayo yana maelezo ambayo mtu yeyote aliyekaa na mraibu anayajua. Ukimfungia dawa ghafla mtu ambaye mwili wake umeizoea, mateso ya kuikosa, arosto kama vijana wa pwani wanavyoyaita, hayatamsubiri apate miadi ya kliniki. Atatafuta cha kumtuliza, na kilichopo mtaani ni fentanili. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya rasmi dhidi ya kukatisha dawa hizi ghafla. Mwongozo wa 2022 wa CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, kuhusu kuandika dawa hizi ulisema wazi kwamba ule wa 2016 ulikuwa umetumiwa vibaya, wagonjwa wakipunguziwa dozi kwa haraka mno au kufukuzwa na madaktari wao. Daftari lenyewe halimfukuzi mgonjwa. Ila linampa daktari mwenye hofu sababu ya kufunga mlango.

Na sasa halimpi orodha tu, linampa namba. Mfumo uitwao NarxCare, wa kampuni ya Bamboo Health, huchukua taarifa za daftari na kutoa alama za hatari kati ya 000 na 999. Kanuni kamili ya hesabu hiyo si ya umma. Kinachojulikana ni kwamba idadi ya madaktari, idadi ya maduka ya dawa, ukubwa wa dozi na dawa zinazotumika kwa wakati mmoja vina uzito ndani yake. Kampuni yenyewe husema alama hizo zisiwe msingi pekee wa uamuzi. Lakini fikiria mgonjwa wa saratani: ana daktari wa upasuaji, wa saratani, wa maumivu, na yule wa zamu ya usiku. Fikiria mwenye mbwa mgonjwa, kwani katika baadhi ya majimbo dawa ya mnyama huingia kwa jina la mwenye mnyama. Kisha mfikirie mama yetu wa Louisville, ambaye kwa kuishi kando ya mto tu ana madaktari wa majimbo mawili na maduka ya dawa ya majimbo mawili. Kwenye hesabu, maisha ya mpakani yanaweza kufanana na hila za mtu anayewazunguka madaktari.

Mama huyo ana shida nyingine ambayo wanaobuni mifumo hii huiona kwa nadra. Marekani haina namba moja ya kitaifa ya mgonjwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Bunge limekuwa likizuia fedha za wizara ya afya zisitumike kuianzisha. Kwa hiyo kompyuta huunganisha taarifa za mtu kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa Januari 1. Majina yao yamepinduliwa kwenye fomu, la baba likawa la mtoto, herufi moja imeongezwa kambini na nyingine imepotea uwanja wa ndege. Katika mitaa ambako familia kadhaa hukaa jengo moja na majina hujirudia, kuwachanganya watu wawili ni jambo rahisi. Kadiri madaftari mengi yanavyosomwa kwa swali moja, ndivyo nafasi ya kumbebesha mtu vidonge vya mwenzake inavyokua.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi kuliko yote si kompyuta. Ni sheria kutosafiri pamoja na taarifa. Oregon ilikuwa imeweka sharti kwamba polisi wasifungue daftari lake bila amri ya mahakama. DEA, idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya, ikataka taarifa kwa hati za wito ambazo inajiandikia yenyewe bila kupita kwa hakimu. Oregon ikaenda mahakamani, na wagonjwa wakajiunga kupitia chama cha haki za raia, ACLU, wakiwamo watu waliotumia testosteroni kwa ajili ya kubadili jinsia na ambao hawakutaka siri hiyo iwafikie polisi. Mwaka 2014 jaji aliwapa haki. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa Tisa ikaitengua hukumu hiyo, ikishika kwamba sheria ya shirikisho iko juu ya sharti la Oregon.

Hapo ni jimbo dhidi ya serikali kuu. Kati ya jimbo na jimbo ukungu ni mzito zaidi. Taarifa ya jimbo lenye masharti makali ikiulizwa na daktari wa jimbo lenye masharti mepesi, na hospitali yake ikaihifadhi ndani ya kumbukumbu za mgonjwa, inageuka kuwa sehemu ya kumbukumbu hizo. Kuanzia hapo inalindwa na HIPAA, sheria ya shirikisho ya faragha ya afya, ambayo katika mazingira fulani inaruhusu hospitali kuwapa polisi taarifa bila hati ya hakimu. Mgonjwa hakuulizwa. Huenda hata hajui kwamba jibu lilihifadhiwa.

Aliyeona hofu hiyo kuwa ya kinadharia aitazame Louisiana. Oktoba 1, 2024, jimbo hilo liliingiza mifepristoni na misoprostoli, dawa zinazotumika kutoa mimba, kutibu mimba iliyoharibika na, kwa misoprostoli, kuzuia damu kumwagika baada ya uzazi, katika kundi la dawa zinazodhibitiwa. Kwa hatua hiyo zikaingia katika ufuatiliaji wa daftari lake. Sheria ya kufuatilia oksikodoni haikubadilishwa lengo kwa mjadala wa wazi kuhusu madaftari. Orodha ya dawa iliongezwa, basi, na chombo kilichojengwa kwa ajili ya uraibu kikaanza kuwaandika wanawake waliotoka kujifungua.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuyafunga madaftari, kila jimbo na lake. Siwezi kukubaliana nao nikikumbuka ule ukurasa mweupe wa Kentucky. Aliyemeza benzodiazepini Indiana na kuongezewa mofini Kentucky anaweza kuacha kupumua usingizini, na mto Ohio hauna habari na hilo. Daktari lazima aone. Ninachokipinga ni kwamba kuona, kuhifadhi, kupiga hesabu na kumpa polisi vimefungwa kifurushi kimoja, na anayetaka la kwanza analazimishwa kubeba yote. Daktari anaweza kuonyeshwa jibu bila hospitali kulitunza. Mitandao inayopeleka maswali inaweza kubeba pia masharti ya jimbo la asili, na asiyeyakubali asijibiwe. Majimbo tayari huchagua wa kushirikiana naye, kwa hiyo uwezo wa kukataa wanao. Na mgonjwa anastahili kuonyeshwa kilichoandikwa juu yake, pamoja na orodha ya waliokisoma.

Mwaka 2009 wadukuzi waliingia kwenye daftari la Virginia na kudai dola milioni 10, wakitamba kwamba wameshika rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni 8. Wakati huo mlango ulikuwa mmoja. Leo kila hospitali iliyounganishwa ni mlango.

Turudi kwa mama yetu. Tuseme skrini ya Louisville imemwonyesha daktari vidonge ambavyo mama hakuvichukua, vya mtu mwingine mwenye jina kama lake. Anaondoka na parasetamoli na karatasi ya mazoezi ya mgongo. Mkalimani wa kwenye simu ameshakata. Akija kugundua sababu, ataambiwa hospitali haiwezi kulisahihisha daftari; kwa kawaida kosa hurekebishwa na duka la dawa lililolituma. Taarifa ilivuka mto kwa sekunde chache. Yeye itambidi aombe ruhusa kazini, asimame kwenye kaunta ya mfamasia na mgongo wake unaouma, na aeleze kwa lugha yake ya nne kwamba yule mwingine aliyezaliwa Januari 1 si yeye.