Gari la zamani: nunua bodi, kisha liendeshe

Anayetafuta gari la zamani la kutembelea kila wiki asianze kuangalia injini. Aanze na bodi. Injini ikichoka, fundi anayejua kazi yake ataifungua na kuifunga upya, na kwa magari kama Volkswagen Beetle, MGB au Mercedes-Benz W123 vipuri bado vinapatikana. Bodi iliyooza hula miezi ya kukata na kuchomelea, na ikimaliza kutengenezwa, rangi ya kiwandani imeshakwenda na haiwezi kurudi. Kwa hiyo kati ya gari lililofifia ambalo halijaguswa na lile linalong'aa kwa rangi ya mwaka jana, mimi nitakushauri uchukue lililofifia. Kwenye rangi ya zamani kutu inaonekana. Chini ya rangi mpya unabahatisha.

Nenda ukiwa na jeki, tochi, sumaku iliyoviringishwa kitambaa na, ukiweza kuazima, kipima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 80 na 180. Ukipata 300, paneli hiyo imepigwa rangi tena. Ukipita 1,000, kuna puti, yaani lipu ya kujazia mabonde ya bodi, na sumaku itashika kwa shida. Kisha lala chini ya gari. Kagua sehemu za kupigia jeki, sakafu chini ya mazulia, shimo la tairi la akiba, mahali springi za nyuma zinapofungwa, na boksi za chuma zinazopita chini ya milango. Kwa MGB boksi hizo ndizo uti wa mgongo, kwa kuwa gari lile halina chasisi ya peke yake. Linyanyue kwa jeki upande mmoja, ufungue na kufunga mlango. Ukikwaruza au ukagoma kufunga, bodi inapinda. Liache hapo hapo, hata bei ikishushwa nusu.

Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kibati na nyaraka. Hilo halina mjadala.

Injini ipime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Silinda iliyosoma chini itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi.

Napenda gari libaki lilivyotoka kiwandani, ila sitetei mpira wa miaka 40. Mipira ya petroli ibadilishwe yote wiki ya kwanza, kwa aina inayohimili ethanoli, kileo kinachochanganywa kwenye petroli. Ile iliyosukiwa uzi kwa nje, kama ya Beetle, hupasuka ndani ya uzi wake ukiiona nzima kabisa, na petroli hudondokea injini yenye moto. Magari yameungua hivyo. Mipira ya breki nayo huvimba kwa ndani: ukikanyaga, presha inapita; ukiachia, mafuta hayarudi, na gurudumu moja linachemka huku gari likivuta upande. Wengi hufungua kaliper bure wakati kosa liko kwenye mpira. Mafuta ya breki yamwagwe kila baada ya miaka 2, kwa sababu hunyonya unyevu na kutia kutu ndani ya silinda. Tairi lisomwe tarehe ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Lililopita miaka 10 litolewe hata kama kashata zake ni nzima.

Marekebisho ninayoyakubali ni yale yanayoweza kuondolewa bila kutoboa chuma. Ignisheni ya elektroniki inayojificha ndani ya distribyuta, rilei (swichi za umeme zinazobeba mzigo) za taa kubwa ili swichi ya zamani isiungue, mikanda ya viti kwenye matundu yaliyoachwa na kiwanda. Kilichotolewa kifungwe, kiandikwe jina na kihifadhiwe. Atakayelinunua baadaye atakishukuru kiboksi hicho kuliko redio mpya.

Rangi yenyewe iogopwe. Ni nyembamba, hasa kwenye kingo za paneli, na mashine ya kung'arishia huila mpaka chuma kionekane. Safisha kwa mkono. Rangi ya zamani isiyo na tabaka la vanishi ikiacha rangi kwenye kitambaa, usishtuke. Ni ile ya juu iliyochakaa na jua. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, kisha nyunyiza nta ndani ya boksi zote.

Oili nyingi za kisasa zina zinki na fosforasi kidogo ili kulinda katalisti (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi), ilhali kamshafti za zamani nyingi zinazihitaji. Tafuta iliyotengenezwa kwa magari ya zamani, kwa unene uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Beetle huingia lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi, ina chujio la waya, kwa hiyo kilomita 5,000 zisipite bila kuimwaga.

Na liendeshwe. Kuliwasha dakika tano gereji kisha kulizima ni kuliumiza: maji ya mwako hubaki ndani ya oili na sailensa, na kutu huanzia hapo. Likiwashwa litoke, litembee nusu saa likiwa limeshapata moto. Kama litalala zaidi ya mwezi, jaza tangi, chomoa betri, ongeza upepo kwenye tairi, na uachie handibreki huku ukiweka kabari kwenye magurudumu, maana viatu vya breki hugandana na dramu.