Mume Darasani, Mume Nje ya Wodi

Wanandoa wanaosubiri mtoto wa kwanza Kisumu au Nakuru hawakosi wa kuwashauri. Mmoja atawahimiza waende madarasa ya uzazi, yale yanayoandaliwa na hospitali za kibinafsi au wakunga wanaojitegemea, mume na mke wakae benchi moja. Mwingine atacheka: mama zetu walizaa bila kufundishwa kupumua. Kila upande una ukweli wake, ila wote hukwepa swali moja: huyu anayefundishwa leo, ndiye atakayekuwa kando ya kitanda usiku wa uchungu?

Kabla ya hapo, darasa lisichanganywe na kliniki. Kliniki hupima presha, mkojo, kiwango cha damu, kundi la damu, kaswende na virusi vya Ukimwi. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara nane, mara ya kwanza kabla wiki ya 12 haijapita. Darasani hakuna anayepimwa. Presha ikifika 140/90 mama anaweza asihisi lolote, na hakuna zoezi la kupumua litakaloigundua. Nyumba yenye nauli ya safari moja tu haina cha kujadili; iende kliniki.

Wanaolipinga darasa wana hoja nzito kuliko wanavyojua. Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya tafiti za tiba na kuzipima, walichapisha mapitio ya mafunzo ya wajawazito mwaka 2007 na kukiri kwamba manufaa ya mafunzo ya jumla hayajulikani vyema: tafiti zilikuwa ndogo, na kila darasa lilifundisha lake. Mwaka 2017 wakatoa mapitio mengine, safari hii kuhusu mama kuwa na mtu wa kumtegemeza mfululizo wakati wa leba. Hayo yalikuwa na majibu ya wazi zaidi: leba huwa fupi kidogo, wanaojifungua kwa njia ya kawaida huongezeka, upasuaji hupungua. Kwa maneno mengine, kinachosaidia ni mtu aliye karibu. Darasa kazi yake ni kumwandaa mtu huyo.

Na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mume amefundishwa kusugua kiuno kwa kiganja, chini kabisa ya uti wa mgongo, kila uchungu unapopanda. Amefundishwa kumpa mkewe maji kidogo kidogo, kumsaidia atembee au apige magoti badala ya kulala chali. Kisha anafika wodi ya umma na kuambiwa asubiri nje. Muuguzi si mkatili. Vitanda vimetenganishwa kwa pazia, mahali pengine hata pazia hakuna, na mama wa kitanda cha pili hakukubali kuonwa na mume wa mtu. Baadhi ya wodi huruhusu mwanamke mmoja tu, kwingine hakuna anayeruhusiwa kabisa, na zamu ya usiku inaweza kuwa na msimamo tofauti na wa mchana.

Basi swali la kwanza si bei ya darasa. Ni hili, na liulizwe kwenye wodi mtakayojifungulia: nani anaruhusiwa kuingia, na usiku je? Ikiwa jibu ni mwanamke tu, anayepaswa kujifunza kusugua mgongo ni dada, shangazi au mama mzazi. Mume ahudhurie kipindi kimoja au viwili vinavyomhusu: dalili za hatari, usafiri, malipo, na siku za kwanza nyumbani. Wanaouza darasa kwa picha ya mume akimshika mkewe mkono hawapendi kulisema hili.

Hata hivyo, darasa zuri lina jambo moja ambalo kliniki yenye foleni ndefu hulitaja juujuu: saa ya kutoka nyumbani. Wazazi wa kwanza huwahi mno. Mlango wa kizazi umefunguka sentimita 2, wanaambiwa warudi, na kwa aliyetoka Ahero au Maseno hizo ni nauli mbili na usingizi wa usiku mzima. WHO huhesabu leba yenyewe kuanzia sentimita 5, na kutoka hapo mzazi wa kwanza anaweza kuchukua hadi saa 12. Namna ya kuhesabu muda kati ya uchungu mmoja na mwingine ni hii: anza uchungu unapoanza, ishia unaofuata unapoanza, wala si pale wa kwanza unapokoma. Ukija kila dakika 5, ukidumu kama dakika moja, na hali ikiendelea hivyo kwa saa nzima, ondokeni. Anayeishi mbali, au katika uwanda wa Kano mvua ikiwa imefunga barabara, atoke mapema zaidi.

Kuhesabu huko kuna mipaka yake. Damu ikitoka kama ya hedhi, maji yakivunjika (yakiwa ya kijani au kahawia ndiyo hatari zaidi), mtoto akipunguza kucheza, mama akipata homa, degedege, au kichwa kinachouma sana huku macho yakiona ukungu, hakuna saa ya kutazamwa. Ni kwenda. Darasa likimaliza na mume hawezi kuzitaja dalili hizi bila karatasi, limempotezea muda.

Udhaifu mwingine ni mafunzo yaliyonakiliwa kutoka kwingine. Mwalimu anayefundisha kwa video za Uingereza hatataja malaria. Katika kaunti za Ziwa Victoria, mjamzito hupewa dawa ya kuzuia malaria ya SP, vidonge vitatu kwa mpigo, akivimeza mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, mwezi hata mwezi, angalau mara tatu. Anayetumia septrini kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP, maana dawa hizo ni za jamii moja na zikikutana madhara huongezeka. Nakuru haimo katika mpango huo, kwa hiyo binti wa Njoro aliyeolewa Siaya atashangaa kwa nini dadake hakupewa. Mwalimu huyo hatataja odowa pia, lile jiwe laini ambalo wajawazito wengi hutafuna huku. Udongo na mawe huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na hamu ya kuyala yenyewe yaweza kuwa dalili kwamba damu imepungua. Chai nayo isinywewe pamoja na vidonge vya damu. Iachwe saa moja au mbili.

Suala la mume kuhudhuria, kliniki au darasani, lina pande mbili halisi. Faida zipo: kliniki wanapimwa virusi pamoja, wanajua kundi la damu la kila mmoja. Mama mwenye damu hasi aliyebeba mtoto wa mume mwenye damu chanya huenda akahitaji sindano ya anti-D (huzuia mwili wake kupambana na damu ya mtoto), ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya, na bei yake si ya kutafutwa siku hiyo hiyo. Lakini mwanamke anayepigwa nyumbani hatasema mbele ya anayempiga. Aliyejua hali yake ya virusi kabla ya ndoa naye hatafungua mdomo. WHO ilipounga mkono kuwahusisha wanaume mwaka 2015 iliweka sharti kwamba uamuzi na usalama wa mwanamke viheshimiwe. Darasa linalojua kazi yake huwatenganisha kwa muda. Vilevile, desturi ya kliniki ya kuwahudumia kwanza waliokuja na waume, hata ikiwa na nia njema, humwadhibu msichana asiye na mume na yule ambaye wake yuko kazini Mombasa.

Kuhusu maumivu, madarasa huahidi kupita kiasi. Kupumua polepole hutuliza, hakuondoi uchungu. Sindano ya mgongoni ya kuzuia maumivu haipatikani katika hospitali nyingi za umma, na ni afadhali waambiwe mapema. Baya zaidi ni mwalimu anayesifu uzazi wa kawaida mpaka anayefanyiwa upasuaji ajione ameshindwa. Mtoto aliyekaa vibaya au ambaye mapigo ya moyo yameshuka hangojei falsafa. Wajue pia kwamba mama mtu mzima mwenye fahamu hutia sahihi ya kukubali upasuaji mwenyewe. Dakika zinazopotea kumngojea mume au mama mkwe aridhie ni za mtoto.

Baada ya kuzaa, masomo mengi huwa yamechoka. Kunyonyesha ndani ya saa ya kwanza, maziwa yale ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa, mdomo wa mtoto uchukue sehemu ya weusi wa titi na si chuchu pekee. Kitovu kipakwe dawa ya kuua vijidudu, klorheksidini ya asilimia 7.1, ikitolewa, isifike machoni kamwe. Pedi ikijaa damu ndani ya saa moja, ni hospitali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo. Mwajiri ajulishwe mapema, na SHA, bima ya afya ya serikali, iwe hai kabla ya wiki ya 36, maana asiye na ajira rasmi hudaiwa mchango wa mwaka mzima.

Vipindi vitatu kati ya wiki ya 28 na ya 34 vinatosha kwa wengi. Asiye na pesa ana njia nyingine. Kliniki za vikundi, ambapo wajawazito wa umri mmoja wa mimba huonwa na kufundishwa pamoja, zilifanyiwa utafiti Kisumu na Machakos, na Trans Nzoia kuna vyama vya akina mama vinavyofundishana mambo haya haya chini ya wahudumu wa afya wa jamii. Mhudumu wa kijiji chenu hatozi ada. Muulizeni kama kuna kikundi karibu, kisha mrudi kwenye wodi na lile swali la nani anaruhusiwa kuingia usiku.