Hamsta wako hana wazimu, keji ndo ndogo

Watu wanaofuga hamsta, yule kijinyama wa jamii ya panya, hapa Mombasa wana malalamiko yale yale, usiku hakulaliki. Mchana kutwa mnyama kajikunja amelala, ikifika saa nne usiku waskia krrr krrr krrr anatafuna vyuma vya keji, anapanda waya hadi juu anaanguka pu, anainuka anapanda tena, hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Mpwa wangu alinipigia simu ati "Mjomba, huyu hamsta ana shetani." Nikamwambia hana shetani, hebu nitumie picha ya keji. Picha ilipofika nikaona shida nzima iko wapi.

Mi msimamo wangu ni huu na najua kuna watakaonuna: hamsta asiyetulia hafundishwi kutulia. Hakuna kumbembeleza, hakuna kumshikashika mpaka "azoee", hakuna kumpa alizeti za kumnyamazisha. Angalia keji kwanza kabla hujamlaumu yeye. Na zile keji za rangi rangi zenye ghorofa mbili na bomba la plastiki, wallahi zile zimetengenezwa zimpendeze mtoto dukani, si mnyama atakayekaa ndani.

Tujue basi huyu ni nani. Hamsta wa dhahabu asili yake ni mashamba ya upande wa Halab kule Syria. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni alipata mama mmoja na watoto wake waliochimbuliwa shimoni huko, na hamsta wa dhahabu waliojaa majumbani dunia nzima sa hizi karibu wote ni kizazi cha familia ile moja. Yaani haijafika hata miaka mia tangu watoke ardhini. Shimo la hamsta wa huko kwao lapita nusu mita kwenda chini, lina pahala pa kulala, pana stoo ya nafaka, pana choo kivyake, na huko chini kuna giza, kimya na ubaridi. Sasa huyo ndo umemuweka juu ya sakafu ya plastiki na maranda ya kiganja kimoja, taa ya sebule inawaka, tivii inapiga kelele, halafu wauliza kwa nini hatulii. Atulie wapi?

Na hili si la kukisia tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswizi, walitoa utafiti mwaka 2006, waliwawekea hamsta wa dhahabu matandiko ya kina cha sentimita 10, wengine 40, wengine 80. Wale wa sentimita 10 ndo waliotafuna waya zaidi, na ndo hao hao waliokimbia zaidi kwenye gurudumu. Hilo la gurudumu mi ndo lilinishtua manake watu wengi humuona hamsta akikimbia usiku kucha wakasema mashallah ana furaha huyu, kumbe pengine hana pa kuchimba.

Kwa hivyo cha kwanza ni kina na nafasi. Wajerumani hupendekeza sakafu ya angalau sentimita 100 kwa 50, na usivunjike moyo huhitaji kuagiza kitu kutoka nje. Nunua boksi kubwa la plastiki la kuwekea nguo, kata mfuniko wote ubakishe fremu, kata na dirisha ubavuni, kisha ufunge ile waya ya kofi trei inayouzwa hadiwea, si waya wa kuku manake matundu yake makubwa atapita. Fundi yeyote wa mtaani atakufanyia. Maranda nenda kwa seremala ila muulize ni mbao gani, usichukue ya mbao yenye harufu kali na usichukue ule unga wa msumeno, vumbi lake litamuumiza kifua. Yapepete, yajaze upande mmoja yafike sentimita 25 hivi au zaidi, changanya na tishu nyeupe isiyo na manukato uliyoichana na yale maroli ya ndani ya tishu ya choo, ushindilie kidogo ndo shimo lisibomoke. Pamba usiweke hata kidogo, nyuzi zake humnyonga mguu na akizimeza humziba tumbo.

Usiku wa kwanza akishaingia pale mchangani, samahani, kwenye maranda, hutomuona. Watoto watalia ati amepotea. Waambie amehamia.

Sasa tuje kwa jambo ambalo zile video za watu wa nchi za baridi hazitakwambia, joto. Hamsta hukaa vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 24 hivi, na sisi hapa kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, ndani ya nyumba thelathini si habari, na unyevu juu yake. Kwa hivyo hapa kwetu saa zingine hamsta anahangaika si kwa sababu ya udogo wa keji, anatafuta pahala pa kupoa. Utamjua, analala wazi amejinyoosha badala ya kujikunja kiotani. Muwekee kipande cha taili ndani, fundi wa taili hukosi vipande, na chungu kidogo cha udongo ukilaze kwa ubavu, udongo hupoa. Stima ikipotea usiku na panka likazima, chupa ya maji yaliyoganda ifunge kitambaa uiegemeze nje ya keji. Panka lisimpige moja kwa moja. Keji isikae dirishani kwenye jua wala juu ya friji, watu wanapenda sana juu ya friji sijui kwa nini, pale pana joto na pana mtetemo mchana na usiku. Ukimkuta amelegea, anahema haraka haraka, mate yanamtoka, muweke penye ubaridi na ukimbie kwa daktari wa mifugo, usimtie kwenye maji ya barafu.

Halafu usafi. Hapa najua nagombana na kina mama wa Mombasa wote akiwemo mamangu. Sisi hatupendi kuchezewa na harufu, keji inaoshwa kila siku mbili, sabuni, dawa ya kuua viini, na ukiwaacha watafukiza udi. Lakini hamsta haoni vizuri, nyumba yake anaijua kwa pua. Ana tezi ubavuni anazopakia harufu yake kila pahala, na wewe ukiosha kila kitu ukatupa maranda yote umemhamisha nyumba bila kumwambia, usiku huo lazima azunguke kuanza upya. Toa ile pembe anayokojoa, toa tango lililooza, basi. Ukibadilisha maranda bakisha sehemu kubwa ya yale ya zamani hasa ya kiotani. Na stoo yake usiimwage yote, chungulia tu usije ukakuta ukungu au sisimizi wameshaingia, kwa huu unyevu wetu hilo hutokea haraka.

Kosa lingine watu wanalofanya kwa huruma: anatafuna chuma, mtoto anafungua mlango anamtoa. Mnyama si mjinga, kashajua nikitafuna mlango hufunguka, kesho atatafuna zaidi. Mtoe wakati ametulia. Na akiwa mgeni ndani ya nyumba, zile siku za mwanzo msimguse kabisa, mpe chakula na maji muondoke, mzungumzishe kwa sauti ya chini azoee, kisha ndo muweke mkono na mbegu kwenye kiganja aje mwenyewe. Mikono ioshwe kwanza jamani, mtu ametoka kula viazi karai na ukwaju anaingiza kidole kwa keji, anaumwa, analia. Kidole kilikuwa kinanukia chakula!

"Muongezee mwenzake, upweke ndo unamsumbua." Hili naliskia kila mara na nalielewa, sisi ni watu wa baraza, mtu akikaa peke yake kutwa tunadhani anaumwa. Lakini hamsta wa dhahabu mkubwa hataki mwenzake. Ukiwaweka wawili watapigana, na mmoja anaweza kufa, na hata wakiwa ndugu waliozaliwa pamoja siku itafika. Peke yake ndo raha yake.

Gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 28 kwa hamsta wa dhahabu, 20 kwa wale wa aina ndogo, na sakafu yake iwe imezibwa si vijiti. Lile linalokuja na keji kwa kawaida ni dogo, mgongo wake unapinda akikimbia. Likilia lipake mafuta ya kupikia, si girisi. Mchanga wa kuogea hupenda sana ila usimletee wa pwani moja kwa moja, una chumvi, uoshe kwa maji matamu mara kadhaa, uukaange kwa sufuria mpaka ukauke na uuchuje vumbi. Kwa hamsta wa aina ndogo kifuu cha nazi ni nyumba tosha. Na ukiwa unakaa Mji wa Kale angalia paka, yule anayekaa dirishani kutwa anaiangalia keji humtia hofu hamsta hata kama hamfikii.

Kuna kuhangaika kwingine kusikutie wasiwasi. Jike la dhahabu kila baada ya siku nne hivi huingia joto la kutaka dume, usiku ule hunuka na huzunguka zaidi, kesho yake amepoa. Ila mdogo aliyetoka dukani akianza kuhara na nyuma pamelowa, hiyo usisubiri kesho, ugonjwa huo huwaua haraka sana.

Umri wake ni miaka miwili, mitatu ikizidi, kwa hivyo fanya hesabu ya boksi na maranda kabla ya kununua mnyama, si baadaye. Na kama chumba chako ni cha mabati, huna panka na kaskazi ndo hiyo imeingia, mi nakwambia kwa nia njema, fuga njiwa.