Usimfanye mwanao askari wa sigara yako

Mara ya kwanza nilipotangaza kuacha sigara, nilimpa binti yangu pakiti iliyobaki akaitupe chooni kwa mkono wake. Alikuwa na miaka saba. Mama yake akapiga makofi, mdogo wake akarukaruka bila kujua tunashangilia nini, nami nikajiona mwanamume kwelikweli. Nikamwambia, "Ukinikuta navuta tena, nikamate." Maneno hayo nimeyajutia kuliko sigara zote nilizowahi kuvuta.

Mtoto ukimpa kazi hana mzaha nayo. Kuanzia siku ile, nikirudi jioni kutoka kwenye cherehani yangu hapa Ngamiani, Tanga, kabla hata ya shikamoo ananinusa. Ananusa vidole vya mkono wa kulia, ananusa kola, kisha anamtangazia mama yake: "Safi!" Siku nne nilikuwa safi. Siku ya tano nikapita duka la kona, lile ambalo huhitaji kununua pakiti, unauziwa hata moja, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi dirishani. Nikavuta haraka nyuma ya ukuta. Nikanawa kwa ndimu, nikatafuna karafuu tatu, nikaenda nyumbani. Akaninusa kwa muda mrefu kuliko siku zote, halafu akasema, "Baba, leo unanukia pilau."

Tukacheka wote. Yeye kwa furaha, mimi kwa woga.

Hapo ndipo nilipoanza kuvuta kimwizi, na anayevuta kimwizi huvuta zaidi. Hujui nafasi nyingine utaipata saa ngapi, basi unaunganisha mbili. Nikaacha shati la akiba kazini. Nikazunguka njia ndefu kurudi nyumbani ili upepo unipige. Hamu yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu, lakini uongo ulinikaa siku nzima.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi huu tunaoambiana kila siku: "Acha kwa ajili ya watoto." Sababu ni nzuri, hata mimi ndiyo sababu yangu. Kosa ni pale unapomtwika mtoto mwenyewe mzigo huo, ukamfanya mlinzi, shahidi na mdhamini wa ahadi ya mtu mzima. Ukiteleza, yeye ndiye anayejiona ameshindwa. Halafu, tuseme ukweli, wengi wetu tulishawapa watoto kazi nyingine ya sigara kabla ya hiyo: "Kimbia dukani kaniletee mbili, chenji kanunue pipi." Mimi nilitumwa hivyo na wajomba zangu, nami nikamtuma binti yangu. Sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, ila mwenye duka anamjua mtoto ni wa nani na sigara ni za nani, basi biashara inapita kimyakimya. Leo umemtuma akanunue, kesho unamtuma akukamate. Mtoto atashika lipi?

Aliyenitikisa hasa ni yule mdogo. Ana pumu. Usiku mmoja kifua kilimbana tukampeleka kituo cha afya, na muuguzi, huku anaandika, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Baba, nyumbani nani anavuta?" Nikajibu, "Hakuna." Mke wangu akaniangalia. Nikaongeza, "Yaani, mimi navutia nje." Muuguzi akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba moshi haubaki nje. Unaingia na nywele, na shati, na mikono, na mtoto akilala kifuani kwa baba analala juu ya mabaki yake. Yule mtoto hulala kifuani kwangu kila jioni wakati wa taarifa ya habari. Sikuwa na la kusema.

Lakini kujua si kuweza. Nilishajaribu mara tatu nikijiambia kwamba sina nguvu ya moyo. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu mmoja, mshona viatu, aliyeniuliza: "Ramadhani unafanyaje?" Nikafikiri. Ramadhani nakaa saa 13 na ushee bila sigara, siku 30, na sifi. Nikotini, ile dawa ya tumbaku inayokushika, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama kumi, na nusu yake huwa imeshaondoka mwilini baada ya takribani saa mbili. Kwa hiyo niliyovuta baada ya daku, kufika adhuhuri karibu yote imekwisha. Mbona mchana ule sikuhangaika? Kwa sababu haikuwezekana, na akili ilishajua haiwezekani. Arosto ilikuwa inanijia robo saa kabla ya magharibi, wakati mlango unakaribia kufunguliwa. Basi sehemu kubwa ya hamu yangu ilikuwa ya mlango ulio wazi. Sisemi mwili haudai, unadai sana. Nasema tu kwamba nilikuwa najisingizia udhaifu ambao kila mwaka kwa mwezi mzima siuoni.

Mara ya nne sikutangaza. Nilimwambia mke wangu peke yake, tena kwa sababu moja: hasira. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, na katika jaribio lililotangulia nilimfokea mtoto kwa kumwaga uji, nikamfokea mpaka akajificha chini ya meza. Kikombe kimoja cha uji! Sikutaka turudi pale. Tukangoja likizo ya Juni, watoto wakaenda kwa bibi yao Muheza, na siku zile tatu aliyeumia akawa mke wangu. Yeye ana ya kwake ya kusimulia, na sitamsemea. Najua tu kwamba siku ya pili alihamia barazani na kazi zake za mkono mpaka saa nne usiku.

Plasta za nikotini, zile za kubandika ngozini kupunguza hamu, nilizisikia, nikauliza maduka mawili ya dawa, sikupata. Aliye karibu na anayeziuza azijaribu; si aibu, ni dawa.

Mimi kilichonisaidia ni machungwa. Watoto walirudi na kiroba kizima, maana msimu ulikuwa umekolea. Jioni ya kwanza, baada ya chakula, saa yangu mbaya, mkono ukaanza kupapasa mfuko wa shati. Nikachukua kisu na chungwa. Fundi wa nguo hapendi kukata ovyo, basi nikajipa sharti: ganda litoke mzunguko mmoja bila kukatika, jembamba, ngozi nyeupe ibaki nzima. Kisha unakata kifuniko juu, unampa mtoto afyonze. La pili la mwenzake, la tatu la mama yao. Nikatazama saa ya ukutani: dakika saba zimepita, na hamu imeondoka bila kuaga. Kila inapopanda haidumu. Ni dakika chache, lakini dakika hizo mikono inataka kazi na mdomo unataka kitu. Kwa mwezi mzima watu wa nyumba yangu walikula machungwa mpaka wakachoka.

Kijiwe cha kahawa nilikihama wiki sita. Kahawa chungu na sigara kwangu vilikuwa mume na mke, ukimwona mmoja unamuulizia mwenzake. Wazee walinicheka, wengine wakasema nimekatazwa na mke. Waliponiona tena nilikuwa naagiza tangawizi.

Kuna jambo moja lilinisumbua kuliko arosto. Nilimkalisha binti yangu nikamwambia ile kazi ya kuninusa nimemwondolea, kuanzia leo si kazi yake. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Nimekosa nini?"

Nikamweleza kwamba hajakosa, aliyekosa ni mimi, kwamba ile siku ya pilau nilikuwa nimevuta. Akasema, "Nilijua." Akaenda kuoga.

Mwezi wa tatu niliteleza. Ilikuwa msibani, usiku, chini ya turubai, wanaume wanacheza karata na pakiti inazunguka kama sahani ya tende. Nikavuta moja. Haikuwa tamu, ila niliimaliza mpaka kipisi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kabla sijavua viatu, nikalala shati limefuliwa, asubuhi nikaendelea na hesabu yangu pale ilipokuwa. Watoto hawakujua, kwa sababu hawakuwa tena na zamu ya kujua.

Juzi jioni nimeingia, binti akasimama karibu yangu, akashika kiganja changu akakipeleka puani. Moyo ukanipasuka ingawa sina kosa lolote.

"Mafuta ya cherehani," akasema. Akaniomba kisu amenyee mdogo wake chungwa.