Senti kwenye ncha ya ufito: hoja ya vipimo na hoja ya mkono katika uundaji wa fimbo za kuvulia

Miongoni mwa mafundi wanaojiundia fimbo za kuvulia samaki kwa nzi bandia, yaani chambo chepesi kinachorushwa kwa uzito wa mshipi wenyewe, kuna ubishi uliodumu kwa zaidi ya miaka 20 kuhusu namna ya kutambua fimbo inayorusha vizuri. Upande mmoja unashikilia kwamba fimbo haijulikani mpaka irushwe, na kwamba mkono wa mrushaji mzoefu hutambua katika mirusho michache mambo ambayo hakuna namba inayoweza kuyaandika. Upande wa pili unasema kwamba ufito, yaani fimbo ikiwa bado haijawekewa mpini, pete za kupitishia mshipi wala kiti cha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), unaweza kupimwa mezani kwa gharama ndogo, na matokeo yake fundi mwingine aliye mbali akayarudia na kupata yale yale. Mabishano huendeshwa kana kwamba pande hizi mbili zinajibu swali moja, na kwa sababu hiyo upande wa vipimo umekuwa ukilaumiwa kwa madai ambayo wenyewe hawakuyatoa.

Kipimo kinachozungumzwa zaidi ni kile ambacho Mmarekani William Hanneman alikitangaza mwaka 2003 katika jarida la RodMaker, na ambacho tunaweza kukiita mfumo wa senti. Ufito hubanwa upande wa shina ukakaa mlalo, kimfuko chepesi kikatundikwa kwenye ncha, na senti za Marekani zikatiwa humo moja moja mpaka ncha ishuke kwa theluthi ya urefu wa ufito. Idadi ya senti ndicho kipimo cha nguvu zake. Hapo hapo hupimwa pembe ambayo ncha imeelekea chini: ikizidi digrii 66 ufito huhesabiwa kuwa wa haraka, maana mpindo umekusanyika karibu na ncha na shina limebaki limenyooka, ikiwa chini ya digrii 59 ni wa polepole, maana mpindo umeteremka hadi karibu na mahali pa kushika. Theluthi ilichaguliwa kwa sababu. Uzito mdogo unaoipinda ncha peke yake haumwambii fundi lolote kuhusu shina, ilhali shina ndilo linalofanya kazi pale mshipi mrefu unapokuwa hewani.

Senti nazo zilichaguliwa kwa kuwa kila Mmarekani anazo, na zile za zinki iliyopakwa shaba, ambazo zilianza kutolewa mwaka 1982, zina gramu 2.5 kila moja. Za shaba zilizotangulia zina gramu 3.11, hivyo anayechanganya za zamani na mpya atapata jibu la uongo bila kujua. Fundi wa Nyeri au Arusha hana haja ya kuzitafuta. Mchele kidogo kwenye mfuko na mizani ya jikoni vinatosha, mradi agawanye gramu kwa 2.5.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo wakati namba ya mshipi unaoifaa fimbo tayari imeandikwa juu yake? Jibu liko kwenye namba yenyewe, na hapa inafaa tukae kidogo. Mishipi ya kurushia nzi bandia ina mkataba wake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao kwa huo watengenezaji wa Marekani walikubaliana kwamba mshipi upewe namba kulingana na uzito wa futi zake 30 za mwanzo, yaani mita 9.14. Mshipi namba 5 una greni 140, ambazo ni gramu 9.07, na unaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa greni 6. Namba 6 ni greni 160. Fimbo haikuwahi kuwekewa mkataba wa namna hiyo. Anayeandika 5 kwenye fimbo anatoa maoni yake, na maoni hayo yamebadilika kwa miaka: kadiri kaboni ilivyoboreshwa na wanunuzi walivyopenda fimbo kakamavu, fito zenye nguvu za namba 6 zikaendelea kuuzwa kama namba 5. Watengenezaji wa mishipi wakaona wateja wanalalamika kwamba fimbo hazipindi, wakaanza kuuza mishipi iliyozidishwa nusu namba au namba nzima, huku kwenye boksi imeandikwa 5 ile ile.

Mnunuzi wa fimbo na mshipi wa namna hii anafurahi, kwa kuwa namba mbili zisizo za kweli zimekutana zikapatana. Siku anaponunua mshipi unaofuata mkataba, fimbo inaonekana mbovu. Ataulaumu mshipi, au ataulaumu mkono wake, na kwa hakika atakuwa amelaumu kitu kisicho na kosa. Kwa fundi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye huagiza ufito kutoka nchi nyingine kwa kusoma orodha ya bei, na anaupokea ndani ya bomba la plastiki bila kuwahi kuugusa. Tuseme ameagiza fito mbili zenye urefu mmoja na namba moja, akazitundikia mfuko, ya kwanza ikataka gramu 100 na ya pili ikataka 130. Tofauti hiyo ya asilimia 30 ingebaki imefichika hadi fimbo zote mbili zimekamilika na kukabidhiwa kwa wenyewe. Hoja kwamba mkono ndio mwamuzi haimsaidii katika hatua hii, maana mkono bado hauna cha kuamua.

Hata hivyo hoja za upande wa mkono si nyepesi. Kurusha ni mwendo, na kipimo cha senti ni cha kitu kilichotulia. Ufito ulioinama mezani hausemi utarudi kwa kasi gani, wala ncha itaendelea kutikisika kwa muda gani baada ya mkono kusimama, na ni mtikisiko huo unaouachia mshipi mawimbi na kuufupisha. Zaidi ya hayo, wanafizikia waliochunguza mrusho wa nzi bandia wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kasi ya mshipi hutokana na fimbo kuzungushwa kama wenzo, na kwamba ile nguvu iliyohifadhiwa katika mpindo na kuachiliwa mwishoni ina mchango mdogo zaidi. Kama ni hivyo, kipimo kinachohesabu mpindo peke yake kinaangalia sehemu ndogo ya kazi. Kuna pia uchovu wa kiwiko na uzani wa fimbo mkononi, na kuna ukweli kwamba mtu mwenye mrusho wa taratibu ataipenda fimbo ambayo mwenye pupa ataichukia.

Yote hayo nayakubali. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa, kwamba kwa hiyo mkono peke yake ndio shahidi wa kuaminika. Mkono mzoefu una sifa moja inayouharibia ushahidi: hujirekebisha. Akipewa fimbo laini, mrushaji hodari hurefusha mwendo wa mkono na kungoja kidogo zaidi nyuma. Akipewa kakamavu, hufupisha na kukaza kituo. Hufanya hivyo kabla hajatambua kwamba amefanya. Kadiri anavyokuwa hodari ndivyo anavyojirekebisha upesi, na ndivyo mrusho wake unavyosema machache kuhusu fimbo. Ndiyo maana warushaji wawili wa kuaminika wanaweza kuishika fimbo moja na mmoja akasema imelegea, mwingine akasema ngumu, na wote wakawa wamesema kweli kuhusu mrusho wao. Fundi akitaka kujua aufupishe ufito huo kwa sentimita ngapi, au auache kama ulivyo, ushahidi wa namna hiyo haumpi pa kuanzia. Ule mtindo wa kuitikisa fimbo dukani bila mshipi siuhesabu kuwa ni jaribio. Kinachotikiswa pale ni uzito wa fimbo yenyewe, ambao ni sehemu moja tu ya habari.

Lakini sehemu hiyo moja ndiyo inayonivutia zaidi katika ubishi huu, kwa kuwa kile ambacho senti hazikioni na mkono unakiona si siri ya ufundi. Ni uzito wa ncha. Kitu kinachozunguka huleta ukinzani kulingana na mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili, hivyo gramu moja iliyo kwenye ncha ya fimbo ya mita 2.7 ina athari sawa na gramu nne zilizo katikati yake. Ufito wa kaboni wa urefu huo, wa namba 5, unaweza kuwa na gramu 45 hivi kwa jumla, lakini kwa sababu umechongoka na sehemu kubwa ya uzito huo iko karibu na mkono, unapotikisika hujiendesha kama springi isiyo na uzito iliyobeba gramu chache tu nchani. Tuziite gramu 3. Fundi akifunga pete nzito zenye miguu miwili, akazizungushia nyuzi nene na kuzimwagia epoksi, ile gundi inayoganda ngumu, tabaka mbili, anaweza bila taabu kuongeza kitu sawa na gramu 1 nchani. Kasi ya mtikisiko hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito wa mwanzo na wa sasa: gramu 3 kwa 4, yaani robo tatu, na kipeuo chake ni 0.87. Ufito umepoteza asilimia 13 ya wepesi wake wa kurudi, na ukiutundikia mfuko wa senti utapata idadi ile ile kama mwanzo.

Hapo ndipo watu wa mkono husema, mmeona? Nasi tumeona, lakini tumeona kwa hesabu. Jambo hilo linapimika kwa simu ya mkononi: fimbo inabanwa, ncha inavutwa na kuachiliwa, inapigwa video na mitikisiko inahesabiwa kwa dakika. Hanneman mwenyewe aliongeza kipimo cha mtikisiko juu ya kile cha senti, kwa sababu alijua cha kwanza hakitoshi. Na kwa fundi namba hii ni muhimu kuliko ile ya nguvu, kwa kuwa nguvu ya ufito aliikuta imeshaamuliwa kiwandani, lakini uzito wa pete, wa nyuzi na wa epoksi uko mikononi mwake. Anaweza kuzishikiza pete kwa mkanda wa karatasi, akahesabu mitikisiko, akabadilisha tatu za juu kwa pete za mguu mmoja, akahesabu tena. Akishapata namba inayomridhisha, ndipo aende uwanjani na mrushaji. Na hapo maoni ya mrushaji yatakuwa na kitu cha kushikana nacho.

Dhana ya uti wa mgongo wa ufito inaonyesha yanayotokea vipimo vikikosekana. Fundi huusimamisha ufito sakafuni, akaukandamiza katikati, nao huruka na kugeukia upande mmoja, ambao ndio huitwa uti. Imefundishwa kwa miaka mingi kwamba pete zikifungwa kwa kufuata upande huo fimbo itarusha kwa shabaha na haitajipindua samaki anapovuta. Ukweli wa mzigo ni mwingine: pete zikiwa juu ya fimbo, mshipi unapita juu ya mhimili, na mvuto wowote mkubwa utataka kuizungusha hata kama uti ulipangwa kwa uangalifu kiasi gani. Wanaotaka kuuzuia mzunguko huo huzipeleka pete kwa mzunguko mpaka chini ya fimbo, na tatizo linaisha.

Wengine huona hesabu kama uvamizi wa kisasa katika sanaa ya wazee. Everett Garrison, mhandisi wa New York ambaye fimbo zake za mianzi zinaheshimiwa kuliko karibu zote za karne ya 20, alikuwa akikokotoa mkazo wa ufito sehemu kwa sehemu kwa mkono, na ili kuwakilisha ghasia ya mrusho alizidisha mzigo wa ncha mara nne kabla hajaanza kuranda vipande sita vya mwanzi. Alihesabu kwanza, akarusha baadaye.

Mahali ambapo tofauti ya namba na lebo inaonekana wazi kwa msomaji wa huku kwetu ni kwenye vijito vya trauti vya Kenya, ambako samaki hao waliletwa mwaka 1905 na kuachiwa katika mto Gura. Anayevua kwenye maji yanayopita msituni na kwenye mianzi ya Aberdare, au kwenye vijito vya Mlima Kenya, mara nyingi hana nafasi ya kutoa zaidi ya mita 5 za mshipi. Greni 140 za namba 5 ni za mita 9.14, mita 5 za mwanzo, ambazo ni nyembamba kuliko zinazofuata, hazifiki gramu 5. Fimbo iliyo kakamavu kuliko lebo yake itapinda kidogo sana kwa uzito huo, na ushauri wa kawaida ni kufunga mshipi wa namba 6. Hesabu yake ni rahisi: kwa urefu huo namba 6 inaongeza takriban gramu 0.7. Fundi aliyepima anajua kwamba hiyo haiwezi kufidia ufito uliotaka gramu 130 mahali pa 100, na badala ya kubadilisha mshipi ataagiza ufito wa namba 3 au 4, atautundikia mfuko wa mchele siku utakapofika, na kama lebo imemdanganya tena ataurudisha kabla hajafungua chupa ya epoksi.