Mstaafu akifika miaka 95, nani alipe?

Ubishi wa kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu wa Tanzania, umeng'ang'ania mkupuo, sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu: asilimia 33 mwaka 2022, kisha 40 mwaka 2024 kwa waliokuwa wakipata 50. Barazani Mtwara, kila mwalimu aliyestaafu ana hesabu yake. Sehemu nzito zaidi haitajwi: pensheni ya mwezi, ambayo haikomi mpaka mtu afe. Kikokotoo kinakadiria miaka 12.5 baada ya kustaafu. Aliyestaafu na 60 akifika 85, muda wa kulipwa umekuwa mara mbili ya makadirio. Kheri kwake, kwa mfuko wa pensheni ni deni.

Uingereza deni la namna hiyo huhamishwa kwa mkataba wa swapu, yaani mfuko na kampuni ya bima kubadilishana malipo: mfuko unalipa kiasi kilichokubaliwa, kampuni inalipa kulingana na wastaafu walio hai kweli. Mwaka 2014 mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa BT, kampuni ya simu, uliikabidhi kampuni ya bima ya Prudential ya Marekani hatari ya pauni bilioni 16, kama robo ya mzigo wake wa wastaafu kuishi zaidi kuliko ilivyotarajiwa.

Tuseme mfuko unalipa wastaafu 1,000, kila mmoja Sh200,000 kwa mwezi, na baada ya miaka 15 unatarajia wawe hai 600. Unakubali kuilipa kampuni ya bima kana kwamba walio hai ni 620, yaani Sh124 milioni kwa mwezi, na kampuni inaulipa mfuko kwa idadi halisi. Wakiwa hai 680, mfuko unapokea tofauti ya Sh12 milioni. Wakiwa 550, mfuko ndio unaotoa Sh14 milioni. Kwa vyovyote, mzigo wake haupiti Sh124 milioni, na mzee halipwi pungufu hata senti. Wanaosema huku ni kuchezea kamari vifo vya wazee hawajaitazama hesabu hii: anayenunua swapu ni yule anayeogopa kushindwa kuwalipa.

Kampuni kubwa ya bima mtawanyo, ile inayozikatia bima kampuni nyingine za bima, inakubali kwa kuwa tayari imebeba bima za maisha, ambako vifo vya mapema ndivyo vinavyoitia hasara. Hatari mbili zinapunguzana, ingawa si sawasawa, maana wenye bima za maisha kwa kawaida ni vijana zaidi.

Mtu wa Mtwara atauliza: si kangomba hiyo, ile ya kuuza korosho mapema kwa bei ya kutupa? Kukubali bei leo, mwenzako avune kesho? Swali ni la haki. Wakati wa Uviko vifo vilizidi makadirio, na mifuko iliyokuwa na mikataba ikajikuta inatoa tofauti. Wale 20 wa nyongeza, kutoka 600 hadi 620, ni pesa inayokwenda hata bahati mbaya isipotokea. Na kampuni ikianguka mwaka wa 30, je? Dhamana huwekwa, lakini haimalizi hofu. Hata hivyo anayeuza korosho kwa kangomba anasukumwa na njaa, hajui msimu utakuwaje. Mfuko unaingia na wataalamu wake wa hesabu, ukiwa umeshiba.

Kwetu ninaloliona gumu ni takwimu. Vifo vingi vya vijijini havisajiliwi, na mstaafu wa Newala huthibitishwa yu hai kwa uhakiki tu. Kampuni isiyoweza kusoma vifo vyetu haitasema 620. Itasema 700, na hapo mfuko una haki ya kukataa.