Mahindi Tu? Neno kwa Wanaolalamikia Bei ya Taco

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mgahawa wangu wa Kimeksiko, Mtaa wa 26, Chicago. Ubaoni walikuwa wamebandika kipande cha karatasi juu ya bei ya zamani: taco moja, yaani chapati ndogo ya mahindi (tortilla) iliyokunjwa na nyama ndani, sasa ni dola tatu na nusu. Jamaa aliyekuwa mbele yangu akaguna, akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Yaani mahindi tu haya!" Nikawasalimia, tukajuana, tukala meza moja. Sikumjibu pale, kwa kuwa alikuwa na njaa na mimi pia. Lakini neno lile limenikaa wiki nzima.

Sisi wala ugali kusema "mahindi tu"! Mahindi asili yake ni Meksiko. Wakulima wa bonde la mto Balsas ndio walioanza kuyatoa kwenye nyasi-mwitu iitwayo teosinte, yapata miaka 9,000 iliyopita. Kwetu yalifika baada ya Wareno kuanza safari zao. Maharagwe, nyanya, pilipili, parachichi, vyote vina asili ya upande ule wa bahari. Ukimwona muuza mahindi wa Mtaa wa 26 akilikamulia ndimu hindi la kuchoma na kulinyunyizia pilipili, utadhani umeshuka stendi ya mabasi nyumbani.

Kitu kimoja hakikusafiri na mbegu, nacho ndicho unacholipia katika ile taco. Mmeksiko hasagi mahindi makavu. Anayachemsha katika maji yenye chokaa, jamii ileile ya chokaa inayopakwa kwenye tambuu, kisha anayaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi anayaosha hadi maganda yatoke, ndipo anayasaga yakiwa bado na majimaji. Mahindi hayo huitwa nixtamal. Chokaa huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo kwenye mahindi makavu imefungwa, mwili hauipati vizuri. Waliochukua mahindi bila chokaa na kuyafanya chakula chao karibu peke yake waliugua pelagra: ngozi kubabuka, tumbo kuharisha, akili kuvurugika. Iliwapata maskini wa kaskazini mwa Italia na wa kusini mwa Marekani. Iliwapata wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990, karanga zilipokosekana kwenye mgao wao. Kwa hiyo, ndugu yangu wa kwenye foleni, ile tortilla imebeba maarifa ambayo watu wengi duniani waliyakosa, na wengine walikufa kwa kuyakosa.

Mgahawa wenyewe si wa kupiga picha. Meza za plastiki, televisheni ya mpira pembeni, chupa mbili za salsa kila meza: ya kijani ina ukali wa kawaida, nyekundu uiheshimu. Mama wa kaunta anawaita wateja wote "mija" na "mijo", yaani mwanangu, hata mzee wa miaka sabini. Binti yake anakuja jioni akitoka shule, anafunga aproni. Hapo ndipo unafuu wa bei unapotoka, kwenye migongo ya familia. Anayekula kwa mama ntilie anaijua hesabu hiyo. Sahani inakuwa rahisi kwa sababu kuna mtu aliamka saa kumi alfajiri na hakujilipa mshahara wa alfajiri hiyo.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Watu walewale wanalipa dola kumi na nane kwa sahani ya tambi katikati ya mji bila kukunja uso. Chakula cha Mmeksiko, cha Mhabeshi, na chetu pia, tunadai kiwe cha bei ya kutupa, kana kwamba jasho la hawa lina thamani pungufu. Hatuna haki ya kudai hivyo, hasa sisi ambao mama zetu wametusomesha kwa vitumbua.

Kama hujawahi kwenda, nenda Jumamosi au Jumapili asubuhi uagize menudo. Ni supu ya utumbo, mara nyingi na kwato ndani, nyekundu kwa pilipili kavu, na punje za nixtamal zilizovimba kama za makande. Unaongeza kitunguu kilichokatwakatwa na ndimu. Mtu aliyekulia supu ya makongoro hahitaji kuelezwa zaidi. Birria nayo, ya mbuzi, asili yake jimbo la Jalisco, ni mchuzi wa kunywa hadi bakuli likauke. Al pastor, nyama ya kuchoma inayowekwa kwenye taco, inatokana na wahamiaji wa Lebanoni waliopeleka shawarma Meksiko, ndiyo maana nyama inazunguka kwenye mti; lakini hiyo ni kitimoto. Ndugu zangu Waislamu, ulizeni pia kuhusu maharagwe ya kukaanga, maana mara nyingi yanapikwa kwa mafuta ya nguruwe. Neno la kuuliza ni "manteca".

Wali wao sitausifia. Mimi ni mtu wa Tanga, na ule wali wa nyanya kila mara naukuta mkavu. Wenzangu huuacha pembeni, mimi humalizia na mchuzi wa maharagwe.

Jamaa yule alikula taco nne, akaagiza ya tano. Tulipoinuka nikaacha bakshishi ya dola tano mezani. Akaitazama, akatoa mbili zake akaongeza. Mimi nikanunua kilo ya tortilla, zimefungwa kwenye karatasi na bado zinatoa mvuke, nikazibeba ndani ya koti hadi kituo cha treni. Jioni tulizila na maharagwe ya nazi.